Gunia la mkaa, upepo wa kusi na kizuizi cha barabarani: nishati na amani katika nchi za Wasomali

Fundi Mvita (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite.

Mimi ni fundi wa sola, mtoto wa Mombasa. Kuna kampuni ilinichukua kwenda Kismayu kufunga paneli kwenye maduka na kwenye nyumba ya barafu ya wavuvi. Jina lao nalihifadhi, maana mshahara wangu wa mwezi wa mwisho bado wanao. Nilikaa miezi mitano. Toka nirudi, kila nikisikia watu wanahesabu utajiri wa Somalia, mara mafuta, mara gesi, mara urani, ulimi unaniwasha.

Kuna neno la Kisomali linaitwa isbaaro. Ni kizuizi cha barabarani, kamba inakatiza njia mpaka ulipe. Betri zetu zilishushwa bandari ya Mogadishu, zikaja kwa lori. Dereva, mzee mmoja mwenye ndevu za hina, alitarajiwa siku ya tatu, akafika siku ya tisa. Nikamuuliza, adeer, kulikoni? Akatoa mfuko wa nailoni umejaa risiti. Kwenye kizuizi cha Al-Shabaab ukishalipa unapewa risiti, na wenzao wa mbele wanaisoma na kukupisha. Zilikuwa zimekunjwa vizuri kuliko vyeti vyangu vya shule. Wale wenye sare za serikali, akasema, hawatoi risiti, kwa hiyo kila kamba unaanza upya.

Ndipo nikaielewa habari ya mkaa. Miaka na miaka mkaa wa Somalia ulivuka kwa majahazi kwenda Ghuba, watu wakachomee nyama na kuwekea shisha. Mti wenyewe ni galool, aina ya mgunga, mgumu, wa kuota polepole. Mizizi yake wafugaji huipinda ikawa fito za aqal, ile nyumba yao ya kuhama nayo. Ukiukata unakata kivuli, malisho na nyumba kwa panga moja. Februari 2012 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likapiga marufuku mkaa huo usitoke nje, azimio namba 2036, kwa sababu ushuru wake ulikuwa ukiwalisha Al-Shabaab. Miezi michache baadaye KDF, yaani jeshi la Kenya, na wenzao wanamgambo wa Kisomali wa Ras Kamboni wakaingia Kismayu, wakakuta magunia yanayokadiriwa kufika milioni 4 yamerundikwa yanangoja meli. Mjini palibadilika bendera, na wachunguzi wa Umoja wa Mataifa wakaandika kwamba mkaa uliendelea kupakiwa. Ushuru haukukosa mpokeaji.

Sasa linganisheni na umeme. Serikali ilipoanguka 1991 hakukubaki shirika la umeme. Mwenye jenereta alivuta waya hadi kwa jirani, jirani akamvutia jirani, mtu unalipa kwa idadi ya taa zako. Kutokana na vijenereta hivyo yamekua makampuni yenye nguzo na mita, na bili unalipa kwa simu. Yote yameota bila wizara. Shida ni dizeli: inashushwa bandarini, inapita barabarani, na kila pipa linasimama kwenye kamba zilezile. Yuniti moja ya umeme imewahi kufika dola nzima na zaidi sehemu nyingi za huko.

Na juu ya vichwa vyao kuna jua la saa kama 3,000 kwa mwaka. Kuna na upepo. Kusi yetu hii, ikivuka Kenya kwenda kaskazini, hujibana na kuongeza kasi ikawa mkondo mkali wa chini ambao wataalamu wa hali ya hewa huuita mkondo wa Findlater, kwa jina la Mwingereza aliyeuchunguza miaka ya 1960. Kuanzia Juni hadi Septemba unapita palepale, pwani ya Somalia.

Hoja yangu basi: mali inayobebwa kwa gunia au pipa humpa nguvu mwenye kamba. Jua halipiti barabarani, linatumika palepale linapowaka. Kama kuna rasilimali ya kuwapa Wasomali maendeleo bila bunduki, ni hiyo.

Nawasilisha. Mawe yaje.

Kisu Butu

Nimekaa hapa na kahawa ya tangawizi. Endeleeni.

Binti Tana

Fundi, nakusalimu kutoka Garissa. Kwanza nikusahihishe: nchi za Wasomali si Kismayu na Mogadishu tu. Sisi wa Garissa, Wajir na Mandera tupo. Kuna Jibuti, kuna Hargeisa, kuna Jigjiga na Ogaden yote.

Jua unalolitaja sisi tumeshalivuna. Hapa kuna shamba la sola la megawati 50, hekta 85, paneli zaidi ya laki mbili, lilifunguliwa rasmi na Rais Kenyatta Desemba 2019. Umeme wake unaingia gridi ya taifa. Sina ugomvi na hilo, na sisi tunakula umeme wa mabwawa ya wengine. Lakini ukitoka nje ya mji jioni kuna manyatta wanatafuta mbuzi wao kwa kurunzi. Wajir na Mandera, ambako jua ni kali kuliko hapa, kwa miaka mingi zimeendeshwa kwa jenereta za dizeli.

Mamangu anauza maziwa ya ngamia sokoni. Yakifika asubuhi ni maziwa mabichi, bei nzuri. Saa tisa yameanza kugeuka, jioni ni suusac, maziwa yaliyochachuka, na si kila mteja anapenda ukali ule. Friji ndogo tu ya sola ingebadilisha hesabu yake ya siku. Nampigia kelele mwaka wa tatu anunue, anasema paneli itaibwa. Na anasema kweli, ya jirani iliibwa.

La pili, amani. Paneli hazileti amani. Wajir mwanzoni mwa miaka ya 1990 watu waliuana kwa visima na malisho baada ya ukame, koo na koo, mpaka sokoni mama wa ukoo huu hamuuzii mama wa ukoo ule. Kikundi cha wanawake, Dekha Ibrahim Abdi akiwemo, mwaka 1993 wakaanza na jambo dogo kabisa: soko liwe huru kwa kila mtu, na wakaweka watu wa kulilinda kwa macho. Kutoka sokoni wakaenda kwa wazee, wazee wakaja na mapatano ya amani, Azimio la Al-Fatah. Dekha alipata tuzo ya Right Livelihood 2007, akafariki 2011 kwa ajali ya gari, Mungu amrehemu. Wakati ule Wajir haikuwa hata na taa za barabarani.

Mswahili wa Temeke

Mnapiga soga za vipaneli na maziwa, wenzenu Waturuki walishapeleka meli yao ya utafiti, Oruç Reis, kupima bahari ya Somalia, Oktoba 2024. Mafuta ndiyo yanayojenga nchi. Dubai ilijengwa kwa sola? Wasomali wana pwani ya kilomita zaidi ya 3,000, ndefu kuliko nchi yoyote ya bara la Afrika ukitoa visiwa. Wachimbe wauze, wajenge barabara, hizo kamba zitaondoka zenyewe.

Mmakonde Mpole

Mkuu wa Temeke, umesahau Mtwara 2013? Bomba la gesi tu kuelekea Dar, watu wakachoma nyumba, wanajeshi wakaingia mitaani. Na sisi tuna serikali moja, jeshi moja, lugha moja.

Mswahili wa Temeke

Hilo ni tatizo la elimu kwa wananchi.

Mmakonde Mpole

Elimu tulikuwa nayo. Bomba ndilo lilikuwa linaondoka 😂

Fundi Mvita

Temeke, mafuta yana historia yake huko, si jambo jipya. Kabla ya 1991 Conoco, Amoco, Chevron na Phillips walikuwa na vitalu Somalia. Vita vilipoanza wakafunga virago, na vitalu vile vimebishaniwa hadi karne hii.

Uende Ogaden, upande wa Ethiopia. Gesi ya Calub imejulikana tangu miaka ya 1970. Aprili 2007 wapiganaji wa ONLF, Wasomali waliodai Ogaden ijitawale, walivamia kambi ya utafiti wa mafuta ya Abole, wakafa watu 74: Waethiopia 65 na Wachina 9. Mkataba wa amani na Addis ulitiwa saini 2018. Hesabu miaka kutoka gesi kuonekana mpaka bunduki kuwekwa chini.

Na sisi Wakenya tusijitoe. Ule mgogoro wa mpaka wa bahari tulibishania eneo la zaidi ya kilomita za mraba 100,000, na kila mtu alijua harufu inayotafutwa ni ya mafuta. Mahakama ya Kimataifa ya Haki ikatoa hukumu 12 Oktoba 2021, sehemu kubwa ikaangukia Somalia, Nairobi ikasema haitambui. Ila angalau hatukupigana. Tulikwenda mahakamani, na Machi 2024 Somalia ikakamilisha kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, tukakaa meza moja.

Sijasema mafuta yasichimbwe. Nasema yakianza kutoka leo, kabla ya kukubaliana nani anashika daftari, zile risiti za yule mzee zitageuka kitabu.

Nahodha Mstaafu

Asalaam alaykum. Mimi ni Mbajuni, nimezaliwa visiwani upande wa Kismayu, sasa nipo Lamu na magoti yangu. Nimesoma nikacheka kidogo kwa huyo kijana na upepo wake.

Ni kweli kusi ina nguvu. Ina nguvu mpaka bahari inafungwa. Kuanzia Juni sisi tulikuwa tunapandisha vyombo pwani, tunakaa chini ya makuti tunashona nyavu. Sasa wewe unataka upepo uendeshe nyumba ya barafu ya samaki: upepo ukijaa, samaki hakuna, na samaki wakijaa, upepo umelala. Hilo ulilifikiria?

Nyingine. Mnataja mkaa na mafuta, ubani hamuutaji. Huu mnaofukiza harusini na misibani, ulio bora unatoka huko kwa Wasomali, milima ya Sanaag na Bari. Kuna mti wa maydi unaota juu ya jabali, hauhitaji hata udongo. Mvunaji anaukwangua gome, anaacha, anarudi baada ya siku kadhaa kuchukua machozi yaliyoganda. Miti inamilikiwa na familia, baba kwa mwana, na desturi yao, xeer, inasema mti upewe mapumziko. Siku hizi mafuta ya ubani yanatakiwa sana Ulaya na Marekani, mti unakwanguliwa mwaka mzima, haupumziki, unakufa. Hakuna aliyekata kwa panga, lakini matokeo ni yaleyale ya galool.

Fundi Mvita

Mzee wangu, shikamoo. Hapo kwenye upepo na samaki umenishika pabaya, sikulifikiria. Jibu la haraka ni kwamba mji una matumizi mengine: hospitali, pampu za visima, taa. Wenye mji wanajua zaidi. Jibuti wameshafunga mitambo ya upepo pale Ghoubet, megawati karibu 60, ilizinduliwa Septemba 2023, na wao hawakujenga kwa ajili ya barafu.

Jua Kali Dodoma

Fundi kwa fundi: huko mlikuwa mnafunga mfumo gani? Betri za risasi au lithiamu? Na je, makampuni makubwa yanakubali sola au yanaona mnawaibia wateja?

Fundi Mvita

Madukani risasi, nyumba ya barafu lithiamu. Makampuni yenyewe ndiyo yanakimbilia sola kuliko sisi. Kampuni kubwa ya Mogadishu ina shamba lake la megawati kadhaa, Garowe wana mchanganyiko wa jua, upepo na dizeli. Mchana wanazima jenereta baadhi, usiku wanawasha. Bei Mogadishu imeshuka chini ya nusu dola kwa yuniti. Wewe wa Dodoma unalipa TANESCO shilingi 350 na ushee unalalamika, wao bado wanalipa zaidi ya mara mbili yako na wanashukuru.

Kuna sheria ya umeme iliyosainiwa 2023, ya kuweka msimamizi na viwango. Mpaka ifike kwenye nguzo za mtaani ni habari nyingine. Nimeona nguzo moja ina waya za makampuni matatu, imeinama kama mzee amebeba kuni.

Walaal wa Eastleigh

Nimesoma kimya tangu juzi. Fundi, hadithi yako tamu lakini imejikata yenyewe. Umesema jua halipiti kizuizini. Betri zako zilichukua siku tisa na mfuko wa risiti. Hela za hizo risiti alilipwa nani? Paneli zinatoka China, zinashuka bandarini, na Al-Shabaab wanajulikana kuwatoza waagizaji wa makontena hata ndani ya Mogadishu yenyewe, mji wa serikali. Umelitoa gunia la mkaa, umeweka kontena mahali pake. Halafu usiwaone ni watu wa kukata miti tu: 2018 walitangaza marufuku ya mifuko ya plastiki na ya kukata miti adimu, dunia ikacheka. Hawakuacha ushuru.

Mama yangu ni wa Hargeisa, kwa hiyo nitasema nilichokulia nikikisikia. Mwaka 1992 watu wa kaskazini, Somaliland, waliokuwa wametoka kupigana bega kwa bega, waligeukiana kwa ajili ya Berbera. Bandari ndiyo ilikuwa daftari: mbuzi na kondoo wa kwenda Saudia wote wanapita pale. Hakuna jeshi la nje lililoamua. Wazee walikaa mji wa Sheekh Oktoba mwaka ule, wakakubaliana kwamba bandari ni ya wote, haina ukoo. Ndipo mwaka uliofuata wakaweza kukaa mji wa Borama miezi kadhaa na kutoka na serikali, na wakawapa wazee baraza lao, Guurti. Gharama nyingi walibeba wenyewe, mifugo ikachinjwa kulisha wajumbe.

Daftari kwanza, halafu Borama. Umeme wa Hargeisa ulikuja baadaye sana.

Kisu Butu

Kahawa imeisha, nimeagiza chai.

Fundi Mvita

Walaal, nimekubali, nilikosea kusema jua halina kizuizi. Nilipaswa kusema hivi: gunia la mkaa hulipa kila gunia. Dizeli hulipa kila pipa, kila wiki, mpaka mwisho wa dunia. Paneli hulipa mara moja, halafu inakaa juu ya bati miaka ishirini haidaiwi na mtu. Mwenye kamba anapata ushuru siku moja, siku elfu saba zinazobaki hana lake. Hiyo tofauti ninaisimamia, nyingine nakuachia wewe na wazee wa Sheekh.

Habaryar Asha

Wanangu wote mmezungumza, hakuna aliyeingia jikoni. Mkaa wa Ghuba umepungua, sawa. Mkaa wa Mogadishu je? Wa Bosaso, wa Baidoa? Hizo paneli zenu zinawasha taa na kuchaji simu, hazipiki cambuulo. Kunde zinataka moto wa saa nne. Mama wa mjini atanunua kopo la mkaa kila siku azimio liwepo lisiwepo.

Wa kwanza kulishika jambo hili kwa mikono ni mwanamke, Fatima Jibrell. Kabla ya hilo azimio lenu la 2012, yeye na kikundi chake walihangaika mpaka jimbo la Puntland likapiga marufuku kusafirisha mkaa nje, mwaka 2000. Alituma vijana na msafara wa ngamia wiki kadhaa, kambi hadi kambi, kuwaeleza wafugaji. Aliwafundisha watu kupanga mawe kwenye makorongo maji yatulie na majani yaote. Akapata tuzo ya mazingira ya Goldman 2002. Baadaye wakaleta majiko ya jua Bandar Beyla, yale ya sahani kubwa inayong'aa. Yanapika kweli. Lakini chai ya alfajiri huipiki kwa jua ambalo halijachomoza.

Kwangu mimi Nairobi natumia gesi. Mtungi mdogo wa gesi kwa bei ya mama wa Baidoa ungeokoa galool wengi kuliko mikutano. Ndiyo, najua, na mtungi nao utapita isbaaro.

Binti Tana

Habaryar umemaliza. Niongeze tu: huku kwetu kuna mathenge, ule mti wa miiba ulioletwa kuzuia jangwa ukameza malisho yenyewe. Wasomali wa ng'ambo wanauita garanwaa, yaani asiyejulikana. Ndio huohuo uliofanya watu wa Baringo wampeleke mahakamani mbuzi asiye na meno kama ushahidi. Kama ni lazima mkaa, ukatwe huo. Hakuna atakayeulilia.

Mswahili wa Temeke

Mbuzi mahakamani? Alikula kiapo?

Jua Kali Dodoma

Fundi, ile nyumba ya barafu bado inafanya kazi?

Fundi Mvita

Inafanya. Mlinzi wake, kijana mmoja mkimya, hunitumia ujumbe wa sauti kila kukiwa na tatizo. Mwezi uliopita akasema barafu haigandi vizuri, umeme umepungua. Nikamwambia apande juu akaangalie paneli. Vumbi lilikuwa unene wa shilingi. Tukakubaliana awe anazifuta kila alfajiri baada ya swala, kabla hazijapata moto. Leo kanitumia picha: paneli zinang'aa kama kioo, na lile birika la udhu alilooshea amelisimamisha juu ya fremu, kaliacha hapohapo kama saini.

Jua Kali Dodoma

Mwambie aliondoe. Litatia kivuli kwenye seli, umeme wa safu nzima utashuka.

Fundi Mvita

Nimeshampigia. Anacheka, anapanda.